Ukurasa Usiopiga Hodi

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya darasani, ile iliyochanika katikati, sikuiona. Kwa hiyo msomaji ukijikuta unaifahamu, unajua bei ya sukari yake na umewahi kupanga foleni katika ofisi zake, ujue umechoka tu. Kapumzike.

Nchi hiyo ilikuwa na Mtukufu mmoja aliyeitwa Kiongozi Asiyechoka, kwa sababu kila uchaguzi ulipofika walichoka wengine. Ilikuwa pia na Wizara ya Vitu Vyenye Akili. Wizara hiyo iliundwa baada ya serikali kuchunguza na kuona kwamba watu wenye akili ni wasumbufu, wanauliza maswali na wanataka posho, ilhali jokofu lenye akili halina chama cha wafanyakazi. Basi vikanunuliwa vitu vyenye akili vya kujaza meli: majokofu ya chanjo, mita za maji, makufuli ya milango, taa za barabarani, masufuria ya shule za bweni, mashine za oksijeni. Vyote vilikuwa na kioo kidogo cha kugusa mbele. Vyote viliunganishwa kwenye mtandao, vikawa vinazungumza vyenyewe kwa vyenyewe bila kibali, jambo ambalo raia walikuwa wamekatazwa.

Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Profesa Leopodi Gumbo. Uprofesa wake haukuwa wa somo lolote, asije akaonekana ana upendeleo.

Siku ya kuzaliwa ya Mtukufu ilipokaribia, Waziri alitangaza kwamba kila kitu chenye akili kitawekewa Ukurasa wa Salamu. Raia akitaka maji asubuhi, kwanza aguse kioo cha mita, aone Mtukufu anatabasamu, aandike salamu kwenye kisanduku, abonyeze "Tuma", ndipo maji yatoke. Hivyo hivyo kwa mlango, kwa jokofu na kwa sufuria. Kazi ya kuutengeneza ukurasa huo alipewa Mhandisi Tausi Mwinyikai, mtu pekee wizarani aliyewahi kufungua kimojawapo cha vitu hivyo na kuangalia ndani.

Tausi alikuwa na baba. Nalitaja hili mapema kwa sababu hadithi nzima imeegemea hapo. Mwalimu Mwinyikai alifundisha jiografia mpaka vumbi la chaki likamjaa kifuani, na mapafu yake yakastaafu kabla yake. Sasa alikaa sebuleni kwake na mrija puani, mashine ya oksijeni ikinguruma pembeni kama paka aliyeshiba. Mashine ilikuwa mali ya Wizara. Tausi aliipata kwa hisani ya Waziri, na Waziri hakuwahi kukutana naye kwenye ngazi bila kumuuliza, kwa upole kabisa, "Mzee anapumua vizuri?"

*

Kikao cha kuupitisha ukurasa kilifunguliwa kwa wimbo wa taifa, beti zote.

"Mheshimiwa," Tausi alisema, "ukurasa huu kazi yake ni kupokea salamu tu. Naomba tuupe mamlaka ya mgeni. Mgeni anapiga hodi, anakaa sebuleni, anakunywa chai, anaaga. Haingii chumbani wala hafungui makabati. Mtu mbaya akiupotosha, atakuwa amempotosha mgeni, lakini nyumba itabaki salama."

Mkuu wa Itifaki, Bwana Shekue, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani akae wapi na nani asimame lini, akavua miwani.

"Mhandisi, ukurasa huo una picha ya nani?"

"Ya Mtukufu."

"Nawe unasema awe mgeni. Ndani ya sufuria."

"Si Mtukufu mwenyewe, Bwana Shekue. Ni programu tu—"

"Apige hodi. Mtukufu. Kwa sufuria."

Waziri alianza kujipepea kwa ajenda. Katika nchi hiyo lilikuwapo jambo moja ambalo kila mtoto alilijua kabla ya kujua kuhesabu: Mtukufu hapigi hodi. Alipotembelea mkoa, milango yote ya mkoa iling'olewa mapema, ya vyoo pamoja.

"Ndani ya kitu chenye akili," Shekue aliuliza, "nani mkubwa kuliko wote?"

"Kuna mamlaka moja kuu. Mwenye hiyo anafanya lolote. Anawasha, anazima, anafuta, anafungua. Hata mimi siitumii ila nikiwa sina njia nyingine."

"Hiyo ndiyo apewe."

"Lakini ukurasa uko wazi kwa kila mtu! Yeyote anayeandika salamu atakuwa anaandika kwa mkono wa mwenye nyumba. Akichomeka amri ndani ya salamu, kitu kitatii."

"Na kitu kimoja kikitaka kuingia kwenye kingine?"

"Vinaulizana kwanza. Wewe nani, neno la siri ni lipi."

"Mtukufu aulizwe, wewe nani?" Shekue akavaa tena miwani, maana sasa alitaka kumwona vizuri mtu anayesema maneno hayo. "Futa hilo. Akishaingia kimoja, ameingia vyote."

Tausi akamgeukia Waziri. Waziri alikuwa ameinamia glasi yake ya maji.

"Tausi, mwanangu," alisema, "mzee anapumua vizuri?"

Tausi akafunga kompyuta yake. Kabla ya chakula cha mchana ukurasa ulikuwa umewekwa nchi nzima, na mamlaka yote.

*

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo nimeambiwa nimsalimie mtu ndipo nivute pumzi. Nimeandika salamu nzuri, ina utangulizi na kiini. Nilipofika hitimisho nikaanza kuona nyota."

"Baba, andika 'Heri' tu. Inatosha."

"Heri tu? Nimewachapa watoto wa watu kwa insha ndefu kuliko hiyo." Mwalimu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Tausi akamshika mgongo mpaka kikapita. "Ukurasa huu ni kazi yako?"

"Ni kazi yangu."

"Una nguvu kiasi gani?"

"Zote, baba."

Mwalimu akaigeukia mashine yake.

"Shuleni kwetu hata kiranja mkuu hatukumpa funguo zote," alisema. "Tulimpa ya stoo ya majembe. Na bado aliuza majembe."

*

Wa kwanza kuugundua udhaifu huo walikuwa wanafunzi wa sekondari moja ya bweni, na hapa naomba utulivu kwa heshima yao. Shule hiyo ilikula maharage yenye wadudu kila siku isipokuwa Jumapili, ambapo ilikula wadudu wenye maharage. Mbele ya sufuria kubwa la jikoni kulikuwa na kioo chenye tabasamu la Mtukufu. Mwanafunzi aliyekuwa zamu akaandika: "Heri ya kuzaliwa, Mtukufu wetu", akaweka nukta mkato, kisha kwa lugha ya mashine akaongeza kwamba mlango wa stoo ya sukari ufunguke.

Sufuria likapokea salamu. Likaliambia kufuli la stoo. Kufuli halikuuliza wewe nani. Usiku huo bweni zima lilikunywa uji unaosimamisha kijiko, na mwalimu wa zamu aliyekuja kuchunguza alikuta mlango wa ofisi yake nao umemkubali kila mtu isipokuwa yeye.

Serikali ilichukua hatua kali. Sufuria lilikamatwa. Lilisafirishwa hadi makao makuu likiwa katikati ya askari wawili, likasomewa shtaka la kutii amri bila idhini, na kwa kuwa halikujibu lolote likahesabiwa limekiri. Tausi aliandika barua ya kurasa tatu kueleza kwamba dawa ni kuupunguzia ukurasa mamlaka. Waziri alisoma mstari wa kwanza, akaichana mwenyewe, asije msaidizi wake akapata kesi kwa kuigusa.

Badala yake wataalamu wa Shekue walikaa siku nzima, wakabaini mkosaji halisi kuwa ni nukta mkato. Ikapigwa marufuku. Iling'olewa kwenye vibodi vyote vya kuandikia vya vitu vyenye akili, ikafutwa kwenye vitabu vya sarufi, na mshairi mmoja aliyekuwa nazo nyingi akahojiwa mpaka jioni.

"Mimi wala sikuwahi kujua matumizi yake," Mwalimu Mwinyikai alimwambia bintiye. "Lakini Tausi, si kuna alama nyingine?"

"Ziko tele, baba."

"Hilo nililihofia."

*

Siku ya kuzaliwa ikafika. Uwanja wa taifa ulijaa tangu alfajiri, kwa sababu milango ilifungwa nyuma ya watu. Juu ya jukwaa kulikuwa na kibao kikubwa chenye namba, kikihesabu salamu zinazoingia.

Mchana, kutoka mahali pasipojulikana, iliingia salamu moja. Ilikuwa na adabu zote. Mwishoni mwake, baada ya mstari mdogo wima ambao hakuna aliyekumbuka kuupiga marufuku, kulikuwa na amri: rudia salamu hii, mpe jirani yako airudie, usifanye kazi nyingine. Ilitumwa kwa mita moja ya maji huko pembezoni. Mita ikatii. Ikaipa taa ya barabarani, taa ikalipa jokofu, jokofu likaupa mlango. Hakuna kilichouliza wewe nani.

Kibao kikaanza kukimbia. Namba zilipanda kwa kasi mpaka tarakimu zikaisha nafasi.

"Wananchi!" Waziri alipaza sauti kwenye kipaza, machozi yakimtoka. "Tazameni upendo! Hata jokofu! Hata bomba! Taifa zima, lenye uhai na lisilo na uhai, linasema kwa sauti moja!"

Mtukufu alipunga mkono. Ilionekana wazi kwamba upendo wa majokofu ulimgusa kuliko wetu.

Nyumbani kwa Mwalimu mashine ya oksijeni ilikuwa imeacha kunguruma. Kioo chake kilikuwa kinawakawaka: Heri ya kuzaliwa. Heri ya kuzaliwa. Heri ya kuzaliwa. Tausi, aliyekuwa ameomba ruhusa ya kutohudhuria, aliichomoa kwenye umeme, akaichomeka tena. Ikawaka, ikatabasamu, ikaendelea kusalimia.

"Mtungi," Mwalimu alisema kwa taabu. "Ule wa zamani."

"Mitungi ya oksijeni Wizara iliiuza yote chuma chakavu, baba. Usiseme. Usiseme kitu."

Midomo ya mzee ilikuwa inageuka rangi. Tausi alijua amri inayotakiwa, na alijua sheria pia. Kuufunga ukurasa ule kulikuwa ni kumfungia Mtukufu mlango. Alijua kwamba akiiandika hapa, kwenye kisanduku hiki, itasikika kote, kwa sababu ndivyo alivyoutengeneza mwenyewe. Akaandika: "Heri ya kuzaliwa", mstari mdogo wima, na baada ya mstari huo akauambia ukurasa ujifute.

Mashine ikanyamaza. Kisha ikanguruma.

Nchi nzima ilinguruma. Wodini mashine zikaanza kupuliza, majokofu ya chanjo yakaanza kupoza, mabomba yakatoa maji bila kusalimiwa. Na uwanjani, mbele ya umati, kibao kikarudi sifuri. Tabasamu likatoweka kwenye kila kioo.

"Ni wewe?" Mwalimu aliuliza, rangi ikimrudia.

"Ni mimi."

"Watakuja."

"Najua, baba. Vuta pumzi kwanza."

*

Kesi ya Tausi ilikuwa fupi kwa sababu majaji walikuwa na kikao kingine. Wakili wa serikali alieleza kwamba wagonjwa waliopata nafuu siku ile walipata nafuu kinyume cha sheria, lakini kwa huruma hawatashtakiwa.

"Mshtakiwa," jaji aliuliza, "ni kweli ulimwondoa Mtukufu ndani ya mita za maji?"

"Niliondoa ukurasa, mheshimiwa jaji. Ungekuwa na mamlaka ya mgeni nisingehitaji kuuondoa. Na aliyeingia asingeweza kuingia."

"Andika," jaji alimwambia karani, "amerudia tusi la mgeni."

Alifungwa. Juu ya kifungo akapewa adhabu ambayo haijawahi kutolewa: kunyimwa haki ya kumsalimia Mtukufu maisha yake yote. Adhabu hiyo ilileta tatizo la kiutendaji. Milango yote ya gereza ilikuwa na makufuli yenye akili, na kila kufuli lilikuwa na Ukurasa wa Salamu, maana ukurasa ulikuwa umerudishwa upesi. Mtu asiyeruhusiwa kusalimia angewekwaje nyuma ya kufuli linalodai salamu? Wakatafuta stoo nzima, wakapata kufuli moja la zamani la chuma, lenye kutu, lisilo na kioo, lisilojua kwamba kuna mtandao. Wakaufunga nalo mlango wake. Kwa hesabu yangu hicho ndicho kitu pekee cha serikali kilichokuwa salama.

Ukurasa uliporudishwa uliongezewa heshima. Sasa usingeweza kujifuta hata ukiambiwa. Mstari mdogo wima nao ulipigwa marufuku, na ili kumaliza kabisa tatizo la alama, vibodi vya vitu vyote vyenye akili viliachiwa herufi na alama ya mshangao peke yake. Kwamba aliyeituma salamu ile hakugusa kioo chochote, kwamba alikuwa mbali na kibodi chake kilikuwa kamili, ni jambo lililoandikwa katika barua ya pili ya Tausi, aliyoipeleka kutoka gerezani. Hiyo haikuchanwa. Ilipotea njiani kwa njia za kawaida.

Mwalimu aliachiwa mashine. Waziri alisema serikali haina kisasi na wazee. Jirani, Mama Zawena, alikuwa akija kumwandikia salamu ya asubuhi, kwani mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka.

*

Askari wa zamu upande wa Tausi aliitwa Nyamizi. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, na alikuwa na desturi ya kulalamikia kila kitu ili asionekane amefurahia jambo.

Siku ya Kutawazwa kwa Mtukufu, saa za chakula, Nyamizi alikuja mbio. Tausi hakuwa amewahi kumwona anakimbia.

"Mhandisi. Limeanza tena. Geti linasalimia, halifunguki. Bomba linasalimia. Taa za korido zinawakawaka kama disko."

Tausi alisimama. "Nifungulie."

"Ningekufungulia, wallahi, na wanifukuze. Ufunguo wa hiki chuma chako anao Mkuu wa gereza, mfukoni. Na Mkuu yuko nje ya geti, analibembeleza."

"Nyamizi, dada yangu, nisikilize. Nenda kwenye geti kwa ndani. Kuna kioo. Siwezi kuufuta ukurasa, lakini naweza kuuambia uache kurudia. Andika nitakavyokuambia. Andika 'Heri', halafu mstari mdogo wima, huenda humu gerezani hawajauondoa—"

"Mimi nina watoto wanne."

"Na mimi nina baba."

Nyamizi alimtazama. Akaguna, akasema mambo mabaya kuhusu serikali, mshahara na magoti yake, akachukua amri iliyoandikwa kwa makaa kwenye kipande cha boksi la sabuni, akaenda. Tausi alishika nondo akasikiliza viatu vyake vikiishia koridoni. Alikuwa anahesabu pumzi, lakini si zake.

Viatu vikarudi, polepole.

"Hakuna," Nyamizi alisema. "Hakuna mstari, hakuna nukta, hakuna hata mkato. Nimetafuta kibodi chote. Kuna mshangao tu."

Tausi aliegemea mlango. Kufuli la chuma liligonga nondo mara moja, likatulia. Halikuwa na la kumwambia mtu.

"Niandike nini na mshangao?" Nyamizi aliuliza. "Nambie tu, nitaandika."

*

Wiki iliyofuata Waziri alifika gerezani na wapiga picha. Alileta cheti chenye fremu ya dhahabu ya plastiki. Takwimu zilikuwa zimekamilika, alieleza, na katika kundi la raia binafsi hakuna aliyemfikia Mwalimu Mwinyikai. Mashine yake ilimsalimia Mtukufu bila kupumzika mchana kutwa. Iliendelea Mama Zawena alipokuja akapiga kelele, iliendelea wakati wa kumwosha, na ilikuwa bado inasalimia majirani waliporudi kutoka makaburini. Mtu mwingine yeyote, Waziri alisema, angekuwa amechoka.

Bwana Shekue alikuwapo kuhakikisha Tausi hasalimii mtu.

Cheti kilipitishwa katikati ya nondo. Kamera zikapiga. Waziri akajifuta jasho, akatafuta neno la kuagia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mazoea, likamtoka lile lile la kwenye ngazi.

"Mzee anapumua vizuri?"

Alilisikia lilipokwisha kutoka. Alimtazama Shekue, kana kwamba kungekuwa na itifaki ya jambo hilo. Nyamizi, pale mlangoni, aligeuza uso ukutani.

"Mashine yake mmempa nani?" Tausi aliuliza.

"Mama mmoja," Waziri alisema. "Mwenye mtoto mchanga. Tuliipeleka siku ile ile, ikiwa bado na joto."

"Na ukurasa?"

"Umo," Waziri alisema, na hapo kidogo akapata nguvu, kwa sababu hilo alilijua. "Umo, mwanangu. Na mamlaka yote."